Farrokh Bulsara wa Unguja na Bendi ya Queen

Katika hoteli za watalii za hapa Malindi, mgeni akishashiba samaki na upepo wa bahari, aghalabu huwaomba wapiga muziki wimbo wa kwao. Vijana wa Muyeye wapatao riziki zao kwa gita na kinanda cha umeme wanazijua nyimbo hizo kwa moyo, na miongoni mwao hazikosi moja au mbili za bendi ya Queen ya Uingereza. Mwulize kijana mmoja wapo mwimbaji wa bendi ile alikuwa mtu wa wapi, atakujibu bila ya kusita kwamba alikuwa Mzungu, Mwingereza. Kumbe marehemu huyo, aliyejulikana dunia nzima kwa jina la Freddie Mercury, alizaliwa kando ya bahari hii hii yetu, huko Unguja majahazi ya Malindi yaendako na upepo wa kaskazi, na jina alilopewa na wazazi wake ni Farrokh Bulsara.

Ndugu msomaji, habari zake zinastahili kuelezwa na mtu wa pwani. Wengi walioziandika wakifika Unguja hupita mbio. Huandika kwamba alizaliwa katika kisiwa cha karafuu, na mstari wa pili wamekwisha kufika London. Na huku kwetu nako kuna makundi mawili. Wako wamdaio kuwa mwana wa nyumbani ili mtalii alipe kiingilio, na wako wamkanao hata kuzaliwa. Makundi yote mawili hayakukaa kitako kusikiliza alichokitunga, na hilo ndilo nitakalo kulitazama leo.

Alizaliwa tarehe 5 Septemba, 1946, katika hospitali ya serikali mjini Unguja, enzi za Sultan Khalifa bin Haroub chini ya himaya ya Waingereza. Baba yake, Bomi Bulsara, alikuwa mshika fedha katika Mahkama Kuu. Mama yake akiitwa Jer. Asili yao ni Gujarati ya Bara Hindi, katika mji wa Bulsar, ndiko lilikotoka jina la ukoo. Nao walikuwa Waparsi, watu wa dini ya Zoroaster, hao ambao Kurani Tukufu katika Sura ya Al-Hajj inawataja kwa jina la Majusi. Wahenga wao waliihama Uajemi zaidi ya miaka elfu moja iliyopita, baada ya Uislamu kuingia nchi ile, wakatia nanga Gujarati. Kutoka huko, karne nyingi baadaye, wakafuata biashara na ukarani wa serikali ya Kiingereza hadi Bombay, Aden, Mombasa na Unguja. Unguja walikuwa wachache mno, watu wa kuhesabika, lakini walikuwa na hekalu lao la moto, na hapana aliyewasumbua.

Basi mtoto huyo alilelewa katika mji ambao sikio la mtu halikuwa na pumziko. Alfajiri adhana kutoka misikiti isiyopungua vichochoro vyenyewe. Jumapili kengele za kanisa la Mkunazini. Jioni senema za Kihindi na nyimbo zake, na usiku taarab ya Ikhwani Safaa, chama kilichoanzishwa mwaka 1905. Siti binti Saad alikuwa yu hai bado. Alipofariki mwaka 1950 Farrokh alikuwa na miaka mitatu. Mtu wa Mji Mkongwe hahitaji kuelezwa jinsi sauti hizi zinavyoingiliana katika baraza moja. Ni mgeni ndiye hudhani kwamba kila moja ina mtaa wake.

Alipofika umri wa miaka minane, mwaka 1955, wazazi walimpakia melini kwenda Bombay, na kutoka huko akapelekwa Panchgani, mji wa milimani kusini ya Poona, katika shule ya bweni ya St. Peter's. Ilikuwa shule ya mtindo wa Kiingereza hasa, kwa mchezo wa kriketi na sala za kanisani. Kwa mtoto wa miaka minane, kukaa mbali na mama kwa muda mrefu hivyo si jambo dogo, na waliomjua baadaye husema upweke ule hakuusahau. Walakini huko ndiko alikofundishwa piano. Mwalimu mkuu alimwona kwamba ana sikio, akawaandikia wazazi wake, nao wakakubali kulipa ada ya masomo hayo, na kijana akafaulu mitihani hadi daraja la nne. Yeye na wenzake wanne wakaunda bendi ya shule wakaiita The Hectics, wakipiga nyimbo za Kimarekani walizozinasa redioni. Farrokh alikaa kwenye piano, wala si yeye aliyekuwa mwimbaji mkuu. Jina la Freddie nalo alilipata huko, kwa wanafunzi wenzake.

Alirejea Unguja mwaka 1963. Tarehe 10 Desemba mwaka huo nchi ikapata uhuru, na tarehe 12 Januari, 1964 yakatokea Mapinduzi. Yaliyopita hayahitaji kusimuliwa hapa kwa urefu. Miji yetu ya pwani ilipokea jamaa wengi waliokuja na nguo zao za mwilini tu, na wazee wangali wanayazungumza kwa sauti ya chini. Waarabu na Wahindi wengi waliuawa, wengine wakakimbia. Ukoo wa Bulsara nao ukafunga mizigo michache, baba, mama, Freddie mwenye miaka 17 na dada yake Kashmira, wakaenda Uingereza. Walikaa Feltham, magharibi ya London, karibu na uwanja wa ndege ambako ndege hupita juu ya paa usiku na mchana. Mshika fedha wa Mahkama Kuu, mtu aliyekuwa na watumishi nyumbani, akaanza upya.

Hapa ndipo wanaomdai na wanaomkana hukosea pamoja. Huyu hakuondoka kwao kwa kuchoka na kwao. Aliondolewa. Na akishaondolewa, akaufunga mlango ule kwa ndani. Katika maisha yake yote ya umaarufu Unguja hakuitaja ila kwa nadra, na magazeti yalipomwuliza asili yake, alipendelea kuitaja Uajemi ya wahenga wake. Sitaki kumlaumu. Uingereza ya miaka ile, kijana mwenye sura ya Kihindi akiitwa majina mabaya njiani, na anayetaka kuimba roki mbele ya Wazungu, alikuwa na sababu zake.

Alisomea uchoraji, kwanza Isleworth, kisha chuo cha sanaa cha Ealing, akapata diploma yake mwaka 1969 katika michoro ya matangazo na vitabu. Likizo alibeba mizigo Heathrow. Akimpenda sana mpiga gita Jimi Hendrix, Mmarekani mweusi, na alimchora mara nyingi asizo na hesabu. Baada ya chuo alikuwa na kibanda katika soko la Kensington pamoja na rafiki yake Roger Taylor, wakiuza nguo kuukuu. Bendi mbili tatu alizozijaribu hazikufika mbali. Bali huyo Taylor alikuwa mpiga ngoma wa bendi iitwayo Smile, na mpiga gita wake alikuwa Brian May. Mwimbaji wa Smile alipojitoa mwaka 1970, Freddie akaingia. Akaibadili jina bendi akaiita Queen, yaani Malkia, na karibu wakati huo huo akajibadili na yeye, akawa Mercury. Mwaka wa pili yake akaingia John Deacon kwa gita la besi, wakatimia wanne, na wanne hao hawakubadilika mpaka kifo.

Yafaa kusema maneno machache juu ya wenzake, maana bendi si mwimbaji peke yake, kama vile taarab haiwi taarab kwa sauti bila ya udi. Brian May alikuwa mwanafunzi wa elimu ya nyota. Shahada yake ya udaktari aliiacha njiani kwa sababu ya muziki, akaja kuimaliza mwaka 2007. Gita lake alilichonga mwenyewe pamoja na baba yake tangu mwaka 1963, na shingo yake ni mbao ya jiko la ukutani la zamani lililotupwa. Fundi yeyote wa madau atapenda kusikia hayo. Deacon alisomea umeme, naye alitengeneza kipaza sauti kidogo cha gita kwa vifaa alivyovikuta katika taka, nacho kikatumika katika santuri zao kwa miaka mingi. Taylor alianza na udaktari wa meno. Na Mercury, mchoraji, ndiye aliyechora nembo ya bendi: simba wawili, kaa na malaika wawili wa ngano za Kizungu kwa nyota walizozaliwa nazo hao wanne, na juu yao ndege wa hadithini afufukaye kutoka katika majivu.

Wakati walipoanza, muziki wa vijana ulikuwa umefika njia panda. Marekani, Miles Davis aliitia jazi magita ya umeme na ngoma za roki, akawachanganya mashabiki wake wa zamani. Uingereza, bendi kama Yes, Genesis na King Crimson zilikuwa zimechoshwa na wimbo wa dakika tatu wenye beti mbili na kiitikio. Walitaka wimbo uende kama hadithi, ubadilishe mwendo katikati, uchukue kidogo kwa jazi, kidogo kwa kanisa na kidogo kwa muziki wa maopera, hata ukijaza upande mzima wa santuri na iwe hivyo. Queen walizaliwa katika hali hiyo. Santuri yao ya kwanza ilitoka Julai 1973 na haikupata sifa kubwa. Ya pili, Queen II, ya Machi 1974, ndiyo ya kusikilizwa na anayetaka kujua walikotokea. Haina upande wa kwanza na wa pili. Ina upande mweupe na upande mweusi, na ule mweusi wote ni utungo wa Mercury. Wimbo mmoja humo umetokana na picha ya mchoraji Richard Dadd, picha ya viumbe wadogo wa ngano iliyomo katika jumba la sanaa London, naye kauzungumza kila kiumbe kwa jina lake kama mshairi anayetaja miti ya dawa. Waandishi wa Kiingereza waliicheka santuri ile kwa kujaa mno. Nami nasema imejaa kama nyumba ya harusi, ambamo hapana pa kuweka mguu, wala hutaki kutoka.

Nao wakaingia katika mwaka wa taabu. Mwaka 1974 walikwenda Marekani wakifuatana na bendi nyingine, Brian May akashikwa na homa ya ini, wakarudi kabla ya wakati. Wimbo Killer Queen ukafika nafasi ya pili Uingereza, watu wakiwajua njiani, ilhali mifukoni hawana kitu kwa sababu ya mkataba mbaya. Mwanamuziki wa pwani atacheka kwa uchungu akisoma hapa.

Mwaka 1975 wakatoka katika mkataba ule, na mwaka huo huo Mercury akawaletea wenzake Bohemian Rhapsody. Nitakaa kidogo hapa, kwa sababu hapa ndipo mtunzi anapoonekana.

Sisi tuliofundishwa utungaji na wazee tunajua shairi lina kanuni: mizani, vina, ukwapi na utao, na kituo kinachorejea ili msikilizaji apate pa kukaa. Wimbo wa dansi nao una kanuni yake, na kiitikio ndiyo roho yake. Wimbo huu wa Mercury hauna kiitikio. Unaanza kwa sauti tupu bila ya ala, ukaingia katika wimbo wa taratibu wa piano ambamo kijana anamwungamia mama yake kwamba ameua mtu, kisha gita likalia, kisha ghafula ukageuka opera, sauti nyingi zikishindana juu ya roho ya kijana kama wakili na mshitaki, kisha roki ya nguvu, kisha ukatulia ukafa. Dakika tano na sekunde 55, na hakuna sehemu inayorudiwa ili kumstarehesha msikilizaji. Hiyo ilikuwa 1975. Mwaka mmoja kabla yake, huku kwetu, Euphrase Kezilahabi alikuwa ametoa Kichomi, na washairi wakawa hawalali kwa kugombana iwapo shairi lisilo na vina ni shairi au ni guni. Mimi nilikulia upande wa vina na sijauhama. Hata hivyo nakiri kwamba utungo huu, uliovunja kila kanuni ya wimbo, haukuvunjika wenyewe, na siri yake ni kwamba mtunzi alizijua kanuni kabla ya kuziacha. Sikiliza jinsi sehemu zinavyopokezana. Hakuna mshono unaofumuka.

Waliurekodi kwa kuanzia studio ya Rockfield huko Wales, chini ya mtayarishaji Roy Thomas Baker. Sehemu ya opera waliifanya watu watatu tu, Mercury, May na Taylor, wakiimba saa kumi na zaidi kwa siku, sauti juu ya sauti, mpaka watatu wakawa kama umati. Ukanda wa kunasia sauti ulikuwa na njia 24, nao ulipitishwa mashinani mara nyingi hata dawa yake ikachujuka, ukiuinua juu ya taa mwanga unapita. Kampuni ya santuri iliona wimbo ni mrefu, hakuna redio itakayoupiga. Mtangazaji mmoja wa London, Kenny Everett, akaupata, akaupiga mara 14 katika siku mbili za mwisho wa juma. Ukakaa nafasi ya kwanza Uingereza kwa wiki tisa.

Katikati ya mashindano yale ya opera, wale wanaomzuia kijana asiachiliwe wanaanza kwa neno ambalo kila mtoto wa chuoni kwetu hulitamka kabla ya kufungua juzuu: Bismillahi. Wazungu wameandika kurasa nyingi wakilishangaa. Mtu wa Unguja au wa Malindi hashangai. Neno hilo katika miji hii husemwa na kila mtu, mwenye dini hii na asiye nayo, akinyanyua mzigo, akitia tonge kinywani, akianza kazi.

Miaka mitatu baadaye alirejea jambo hilo kwa ukubwa zaidi. Mwaka 1978 bendi ilitoa santuri iitwayo Jazz. Asitarajie mtu kukuta jazi ndani yake. Jina hilo wamelitumia kama sisi tulivyolitumia Afrika Mashariki, ambako Morogoro Jazz na Western Jazz zilipiga rumba na hakuna aliyedai kurudishiwa fedha yake mlangoni. Wimbo wa kwanza wa santuri ile ni utungo wa Mercury na jina lake ni Mustapha. Anauanza kwa sauti ya kuvuta kama mwadhini, kisha maneno yanakuja, mengine Kiarabu, mengine Kiajemi, mengine Kiingereza, na mengi si ya lugha yoyote. Wako Waislamu walioudhika, kwani jina hilo ni katika majina ya Mtume wetu, rehema na amani zimshukie, na jina la Mwenyezi Mungu si la kuchezea kwa magita. Nawafahamu. Lakini nikiusikiliza sioni dhihaka ndani yake. Nasikia mtoto aliyesimama nje ya msikiti wasioingia watu wake, akaisikia sauti nzuri isiyokuwa na maana kwake, akaibeba hivyo hivyo, ganda bila ya kiini, miaka mingi, hadi Ulaya. Kwa mtu aliyeufunga mlango wa Unguja kwa ndani, hii ni ufa mlangoni.

Baada ya hapo bendi ikarahisisha. Tayari mwaka 1977 walikuwa wametoa nyimbo mbili za kuimbwa na umma, moja ya kupiga miguu na makofi, nyingine ya ushindi, na viwanja vya mpira ulimwenguni kote vikazichukua mpaka leo. Santuri The Game ya 1980 iliwapa nafasi ya kwanza Marekani kwa wimbo wa Deacon wa kuchezeka. Mwaka 1981, São Paulo nchini Brazil, walipiga mbele ya watu 131,000 usiku mmoja. Santuri ya Hot Space ya 1982 ilifuata mtindo wa disko na mashabiki wengi wa zamani hawakuipenda, wala mimi. Ule upande mweusi wa 1974 hawakuurudia tena kwa ukamilifu. Umaarufu una bei yake, na aghalabu hulipwa kwa sarafu ya utungo.

Sasa tufike kwenye doa, maana taazia isiyokuwa na doa ni tangazo la biashara. Oktoba 1984 Queen walikwenda kupiga Sun City, jumba la kamari na starehe lililojengwa Bophuthatswana, mojawapo ya vinchi bandia ambavyo serikali ya makaburu ilivibuni ili Waafrika waambiwe si raia wa Afrika ya Kusini. Umoja wa Mataifa ulikuwa umekwisha kuwataka wasanii wasiende huko. Wao wakaenda. Baadhi ya maonyesho yakafutwa kwa sababu koo la Mercury lilikauka. Chama cha wanamuziki wa Uingereza kikawatoza faini, na jina lao likatiwa katika orodha ya Umoja wa Mataifa. Walijitetea kwamba wao si watu wa siasa na kwamba walipigia mtu yeyote aliyekuja. Wakatoa santuri huko ambayo mapato yake yalikwenda kwa shule ya watoto viziwi na vipofu. Utetezi huo haukunitosha. Wenzake watatu walikuwa Waingereza waliokulia mbali, na yumkini hawakujua walikoingia. Lakini yeye alizaliwa Afrika, ngozi yake katika nchi ile ingalimpeleka katika mtaa wa Wahindi, na ndege zake mwenyewe zilimfukuza katika kiota kwa mambo ya rangi na asili. Alijua. Katika maisha yake yote hili ndilo ninaloona zito.

Miezi tisa baadaye, tarehe 13 Julai, 1985, ilifanyika tamasha ya Live Aid kuwachangia waliokuwa wakifa kwa njaa Uhabeshi. Katika uwanja wa Wembley palikuwa na watu wapatao 72,000, na waliotazama kwa televisheni katika nchi mbalimbali hawakuwa na hesabu. Kila bendi ilipewa muda mfupi. Queen walikuwa wamefanya mazoezi ya saa yao kwa dakika, wakapanda jukwaani mchana jua likiwaka, Mercury katika fulana nyeupe, wakapiga kwa dakika 21 vipande vya nyimbo sita bila ya kupoteza pumzi. Aliwafanya wale watu wote waitikie sauti yake neno kwa neno, juu na chini, kama sheha wa maulidi na waitikiaji wake. Wanamuziki wengine waliokuwapo walikubali kwamba siku ilikuwa yake. Je, dakika 21 kwa ajili ya Uhabeshi zinafuta Sun City? Kila msomaji na ahukumu nafsini mwake.

Onyesho lake la mwisho na bendi lilikuwa Knebworth, Agosti 9, 1986. Mwaka uliofuata akapimwa na kuonekana na virusi vya UKIMWI. Kwa muda mrefu katika ujana wake aliishi na mwanamke, Mary Austin, kisha wakaachana wakabaki marafiki, naye akaishi na wanaume. Msimamo wa dini yetu juu ya jambo hilo msomaji wa ukurasa huu anaujua, na marehemu hakuwa wa dini yetu. Hisabu yake iko kwa Muumba wake. Mimi mizani niliyopewa ni ya kupimia nyimbo.

Ugonjwa aliuficha. Miaka ile hapakuwa na dawa kama za leo, na aibu iliua kabla ya homa, London kama huku kwetu, ambako wangapi walifungiwa vyumba vya uani na jirani wakaambiwa ni kifua. Alichofanya yeye ni kazi. Aliimba na Montserrat Caballé, mwimbaji wa opera wa Hispania, wakatoa santuri ya Barcelona mwaka 1988, na mtoto wa Panchgani akaingia kwa mlango wa mbele katika opera aliyoiigiza 1975. Wenzake wanasimulia kwamba katika mwaka wake wa mwisho aliwataka wamwandikie chochote, yeye ataimba, na wao wamalizie atakapokuwa hayupo. Wakafanya hivyo, santuri ikatoka 1995. Mwezi wa Mei 1991 alisimama mbele ya kamera mara ya mwisho, amekonda, uso umepakwa rangi nyingi, hawezi kutembea ila hatua chache. Tarehe 23 Novemba alitangaza ugonjwa wake. Usiku wa tarehe 24 akafariki nyumbani kwake Kensington, umri wake miaka 45.

Wazee wake walimzika kwa dini yao. Makasisi wa Kiparsi walisoma dua kwa lugha ya kale ya Uajemi, na maiti ikachomwa katika tanuri la London magharibi tarehe 27 Novemba. Majivu alikabidhiwa Mary Austin, akayaweka mahali asipopajua mwingine. Aprili 1992 wenzake watatu walifanya tamasha Wembley kwa kumkumbuka, na kutokana nayo ukaanzishwa mfuko wa Mercury Phoenix wa kupambana na UKIMWI, ambao fedha zake zimefika hata Afrika.

Unguja ikamkumbuka kwa njia yake. Mwaka 2006, alipokuwa angefikisha miaka 60, mkahawa mmoja wa pwani ya Mji Mkongwe uliobeba jina lake ulipanga sherehe, na jumuiya ya Uamsho ikapinga kwamba sherehe hiyo inaaibisha kisiwa cha Kiislamu. Sherehe ikafutwa. Miaka iliyofuata wapitisha watalii waliendelea kuonyesha nyumba zaidi ya moja wakisema ndiyo aliyozaliwa, ilhali alizaliwa hospitali. Tarehe 24 Novemba, 2019 likafunguliwa jumba la makumbusho la jina lake huko Shangani. Baba yake hakuliona, alifariki 2003, wala mama, aliyefariki 2016.

Mwezi wa Septemba 2023 Mary Austin aliviuza kwa mnada London vitu alivyoachiwa, nguo, samani, piano na makaratasi, na jumla yake ikafika karibu pauni milioni 40. Miongoni mwa makaratasi hayo zilikuwamo kurasa 15 za rasimu ya Bohemian Rhapsody, zimeandikwa kwa kalamu juu ya karatasi za shirika moja la ndege, zilizokwenda kwa zaidi ya pauni milioni 1.3. Mtunzi yeyote angetamani kuzitazama kabla ya mnunuzi kuzifungia. Maneno yamekatwa, mengine yameandikwa pembeni, mistari mizima imetupwa. Na juu ya ukurasa mmoja limo jina la kwanza alilotaka kuupa wimbo: Mongolian Rhapsody. Neno la kwanza amelipiga mstari, na juu yake, kwa mkono ule ule, ameandika Bohemian.